Bajeti ya Wingu Si LUKU

Nasikia, wanangu, mmepata kazi ya kuwawekea watu huduma ya utafutaji kwenye wingu, na furaha yenu ni kama yangu siku ile nilipoandika “kanga” kwenye kisanduku, majibu yakamiminika hata kidole sijakinyanyua. Furahini. Ila kabla hamjaingiza namba ya kadi ya benki, msikilizeni aliyekwisha kuungua.

Mteja mmoja alitaka kuona jinsi bidhaa zake zingetafutika. Nikafungua huduma, nikapakia orodha yake, nikamwonyesha kwa nusu saa. Akasema atafikiria. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu. Miezi mitatu baadaye napitia taarifa ya benki kwa jambo jingine kabisa, nakuta dola zimekuwa zikitoka kila mwezi. Muda wote huo hakuna aliyetafuta hata neno moja. Nilikuwa nimefunga kompyuta; huduma nilikuwa nimeiacha wazi.

Sisi tumezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Umeme ukiisha, taa zinazimika, na giza lenyewe linakutuma dukani. Wingu halina adabu hiyo. Azure AI Search, kwa mfano, kwenye madaraja yake ya kukodi yuniti, huhesabu saa tangu unapoifungua hadi unapoifuta, wawepo watafutaji elfu au asiwepo hata mmoja. Kitufe cha kuipumzisha hakuna. Unalipia chumba, si wageni.

Na ile bajeti mnayoiweka kwenye ukurasa wa gharama msidhani itakata moto. Ikifika kikomo, inakuletea barua pepe tu, na mita inaendelea. Iwekeni hata hivyo. Ipige kelele kwenye nusu, kisha kwenye asilimia 80, na barua ziende kwa mtu anayezisoma, si kwenye anwani ya aliyekwisha kuacha kazi.

Chumba chenyewe hupimwa kwa kuzidisha, na hapo ndipo vijana huteleza. Replika ni nakala za injini, kazi yake kuhimili watafutaji wengi kwa wakati mmoja. Patisheni ni nafasi ya kuhifadhia faharasa. Replika 3 na patisheni 2 si yuniti 5, ni 6. Patisheni zikiwa 4, mmefika 12, na bili imekuwa maradufu. Basi kabla ya kuongeza chochote, ulizeni kilichobana ni nini. Maombi yakikataliwa kwa msongamano, tazameni replika. Nafasi ikijaa, tazameni patisheni, lakini kwanza ipunguzeni faharasa yenyewe. Niliwahi kukuta kijana ameruhusu kila safu itafutwe, ichujwe na ipangwe, hadi namba ya simu ya ghala. Nani atapanga bidhaa kwa namba ya simu ya ghala? Na kila ruhusa ya namna hiyo yaweza kula nafasi.

Huduma inayotegemewa na wateja ina haki ya replika zaidi ya moja, kwa sababu dhamana ya upatikanaji huanzia kwenye 2 kwa kutafuta, na 3 mkiwa pia mnaingiza data. Ya majaribio haidai dhamana. Replika 1 yaitosha. Na mkiwa na kurasa zilizopigwa picha ili mashine izisome, jueni usomaji huo una bei yake. Washeni akiba ya kazi iliyokwisha kufanyika, kurasa zilezile zisilipiwe tena kila mnapogusa mpangilio.

Swali la kwanza nimelifanya la mwisho: je, mnaihitaji? Mteja wangu yule alikuwa na bidhaa elfu nne hivi, kila moja na mistari miwili ya maelezo. Daraja la bure lina megabaiti 50, na orodha yake isingejaza hata robo. Tena orodha hiyo ilikuwa ndani ya PostgreSQL, ambayo ina utafutaji wa maandishi ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008. Nilimkodia lori kubebea fungu la mchicha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu ni la karatasi. Kila huduma ninayoifungua naiandika humo: jina lake, mwenye nayo, tarehe ya kuifuta. Kila Ijumaa asubuhi nalilinganisha na orodha iliyo kwenye wingu. Ijumaa iliyopita nikakuta huduma isiyo na mwenyewe. Niliuliza ofisi nzima, watu wakabaki kutazamana. Nikafungua grafu ya maombi: siku 30, sifuri. Nikahakikisha data yake ya asili ipo, maana faharasa hujengwa upya kutoka humo, kisha nikaifuta.

Leo ni Alhamisi. Hakuna aliyepiga simu.