Faraja Haitafutwi Siku ya Msiba

Wanangu na wajukuu zangu, nakuombeni mkae mnisikilize. Mmesoma kuliko tulivyosoma sisi, na kazi mnazihangaikia kwa bidii ambayo zama zetu haikuwa lazima. Hayo nayaona, na nakuombeeni kheri. Lakini liko jambo linaloninyima usingizi. Mnajiwekea vyeti, mnajiwekea fedha kidogo kidogo kwenye simu, na cha kuushikilia moyo siku utakapotikisika hamjiwekei. Mnadhani faraja ipo dukani, ukiihitaji utakwenda kuichukua. Nimefanya kazi ya uuguzi tangu usichana wangu mpaka nikastaafu, na nakwambieni: siku ya shida mtu hajifunzi kufarijika. Siku hiyo hutumia alichokwisha kukizoea.

Nimelaza wodini wanawake wa shamba waliokuja na maradhi mazito, na jambo la kwanza wakimtuma mtoto nyumbani ni kuletewa ukindu. Hukaa kitandani, mto nyuma ya mgongo, wakasuka. Daktari anapita, majibu ya vipimo yanasubiriwa, vidole vinakwenda. Na nimelaza vijana wa mjini, wazuri, wenye akili zao, ambao ukiwauliza, "Mwanangu, nikuletee nini upitishie siku?" hukutazama tu. Simu imekwisha chaji, na pamoja nayo kimekwisha kila walichokuwa nacho. Sisemi kwamba aliyesuka alipona na asiyesuka hakupona. Maradhi hayaendi hivyo, na waliosuka nao nimewafunika shuka. Nasema kwamba siku walizokuwa nazo walizikaa, hawakuzisukuma.

Tulipokuwa tukipanga vitanda, mimi nilikuwa nikipigania dirisha. Mgonjwa aliyepasuliwa nilitaka aone mwembe ulio nje, hata kama lile tawi moja tu. Wenzangu walikuwa wakiniona nasumbua. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha habari za wagonjwa 46 wa hospitali moja huko Pennsylvania, wote wametolewa kifuko cha nyongo. Nusu yao vitanda vilitazama miti, na nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, na dawa kali za maumivu walizihitaji chache zaidi kuliko wenzao. Miti ile haikuwafanyia lolote ila kuwepo mbele ya macho yao. Basi nyinyi wenye miguu mizima, mnaoweza kutoka mkaugusa mti wenyewe, mna udhuru gani?

Nitasema zaidi kuhusu ukili, yaani huo mkanda unaosukwa kwa ukindu, kwa sababu ndio ninaoujua kwa vidole. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani mpaka likapauka, kisha likachanwa. La kutiwa rangi huchemshwa sufuriani. Upepo wa kaskazi ukivuma, ukindu hukauka ukavunjika mkononi, kwa hiyo msukaji huwa na maji kidogo pembeni, anaulowesha kila mara uwe laini. Husukwa mkanda mwembamba mrefu, pima baada ya pima, na ukishakuwa mwingi ndipo unaposhonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Ukikosea, kosa hulioni pale pale. Utaliona umeshakwenda shubiri nzima, mistari ya rangi imeanza kupinda, na hapo hakuna dawa ila kufumua mpaka lilipo, uanze tena.

Sasa tazameni kinachotokea ndani ya kichwa cha anayesuka. Ile hesabu ya juu na chini inaichukua akili kiasi cha kuizuia isilirudie balaa lile lile mara mia, lakini haiichukui yote. Inabaki nafasi ya kuzungumza na jirani, ya kusikiliza radio, ya kulia hata, ukitaka kulia. Mabibi zetu walipokaa uani alasiri na ukili mapajani, waliokuwa wamefiwa walikaa pamoja na wasiofiwa, na hakuna aliyelazimishwa kusema wala kunyamaza. Kazi ya mikono iliwapa wote ruhusa ya kuinamisha uso. Nyinyi leo mkikaa na mwenzenu aliyefiwa, hamjui mikono yenu muiweke wapi, mnaishia kuitia kwenye simu.

Wala haifai kungoja mpaka mambo yaharibike ndipo uanze. Mwenye kufiwa leo ukimkabidhi ukindu kwa mara ya kwanza, utamuongezea dhiki. Vidole vyake havijui, ukili unampinda, naye anajiona hana analoliweza. Miezi ya mwanzo ni ya kuchosha na ya kufumua, na miezi hiyo inataka moyo uliotulia. Ndiyo maana nasema na nyinyi mlio na afya, mnaocheka, ambao bado wazee wenu wako hai.

Na raha yenyewe ina siku zake. Chukueni asumini. Huchumwa alasiri ingali matumba, imefumba, kijani na nyeupe. Unaitunga kwenye uzi ikiwa bado haina harufu ya kusema. Ifikapo isha imefunguka yote kwa pamoja, na nyumba nzima inajua. Asubuhi imeshageuka rangi. Hakuna anayeweza kuwa na asumini ya wiki iliyopita. Mwenye kuitaka sharti awe na mti, aumwagilie, akumbuke alasiri. Mkilua nao ndio hivyo, na mrehani, na vyote vinavyotiwa kwenye kikuba. Mama yangu alikuwa akitunga kila alipoweza, hata miaka ambayo nyumbani hapakuwa na sukari, na baba yangu akirudi akijua amefika kwake kabla hajavuka kizingiti.

Muulizeni kijana wa Mji Mkongwe leo maji yanajaa saa ngapi. Anaishi kisiwani na hajui! Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili mchana na usiku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa sababu inaufuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Anayelijua hilo ana kitu cha kukitazamia kila siku ya maisha yake, bila ya kiingilio. Wanawake wa Paje na Jambiani hupanga wiki zao kwa bamvua, kwa ajili ya mwani, kombe na pweza. Kazi yao ni ngumu na jua ni kali, na siku hizi maji yenye joto yameharibu mwani mwingi. Sitaki kuipamba. Lakini wakiwa chini pwani wanaimba, na hawaimbi kwa ajili ya mtalii.

Hapo pana jambo ambalo nyinyi mmelitenganisha na sisi hatukulitenganisha: kazi upande mmoja, sanaa upande wa pili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, katika watu maskini. Alifinyanga vyungu na kuvichuuza, na wakati akivinadi ndipo watu walipoanza kuisikia sauti yake. Mwaka 1928 alifika Bombay kurekodi santuri. Mnapenda kuitaja safari ya Bombay, nami nakuombeni mkumbuke miaka ya vyungu, alipokuwa akiimba na hakuna wa kumrekodi. Fatuma binti Baraka, huyu tuliyemwita Bi Kidude, alifariki Aprili 2013 akiwa mkongwe hasa, na maisha yake yalikuwa ngoma za unyago, hina, dawa za mitishamba na taarabu, vyote katika siku zile zile. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu, ilianzishwa mwaka 1905 na mpaka leo ipo. Kikundi hakidumu zaidi ya miaka 100 kwa ajili ya umaarufu. Hudumu kwa sababu watu hurudi kufanya mazoezi, jioni hii na jioni ijayo, hata pasipo na shughuli ya kwenda kupiga.

Kwenye semina mnaambiwa mgeuze kipaji kiwe kipato. Sikatai. Ukili umewapeleka watoto skuli Unguja na Pemba, na mwenye njaa hawezi kuambiwa asuke kwa ajili ya roho yake. Lakini wekeni kimoja msikiuze. Kimoja tu. Msichana anayeoka keki kwa kupenda akishapata wateja, anaanza kuiogopa keki, maana sasa ina tarehe, ina bei, ina mteja aliyekasirika. Siku soko likimwangusha, hana pa kukimbilia, kwa sababu pa kukimbilia ndipo palipomwangusha.

Na kimoja hicho msikionyeshe pia. Nendeni Forodhani magharibi mkatazame. Vijana wanakimbia, wanachupa baharini mmoja baada ya mwengine, wanapanda ukutani wakichuruzika maji, wanachupa tena. Pembeni wamesimama watu wazima, kila mmoja kanyanyua simu. Jua linazama kwenye vioo vya simu zao, na waliolifaidi ni wale waliolowa. Ukishazoea kuuliza wangapi wamependa, utakuja siku moja ukae na ua zuri peke yako usijue kama ni zuri.

La mwisho ndilo zito, na nalisema kwa sababu nimewapokea wodini kwa mikono yangu. Moyo wa kijana haukubali kukaa mtupu. Asipoutilia kitu yeye, utatiliwa na wengine. Anaanza maskani, kukaa tu, siku ndefu. Kisha kamari za kwenye simu, shilingi mia tano kwa mia tano. Kisha mwenzake anamwambia kuna kitu kinatuliza. Unga umemaliza watoto wa watu hapa kwetu, na wengi niliowauliza hawakuniambia kwamba walitaka kulewa. Waliniambia walikuwa wamechoka na siku. Siku yenyewe ndiyo iliyowashinda, kuanzia asubuhi mpaka usiku, pasipokuwa na kitu ndani yake kinachowahusu. Ndiyo maana sioni kwamba ua na ukili ni mambo madogo ya wazee.

Na msinielewe vibaya. Mtu mwenye huzuni isiyomtoka wiki mbili mfululizo, hali, halali, au anasema afadhali asingekuwepo, huyo msimpe ukindu mkamwacha. Mpelekeni hospitali, mkae naye, mrudi naye. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine na yana tiba yake. Asumini haishindani na dawa.

Basi nyinyi wazima, kila mmoja achague kitu kidogo kinachoweza kufanyika hata siku mbaya, na akipe saa yake. Chai ya asubuhi inywewe mlangoni, simu ikiwa chumbani. Mche mmoja umwagiliwe. Shairi lihifadhiwe, beti moja kwa wiki, lisomwe kwa sauti wakati wa kupika. Usingoje kujisikia. Siku nyingi hutajisikia, na utafanya vile vile, na nusu ya siku hizo utainuka ukiwa mwepesi kidogo bila ya kujua kwa nini.

Mimi nipo nyumbani kila siku baada ya sala ya alasiri. Ukindu ninao, umeshaanikwa. Wavulana nao waje, maana babu zenu mabaharia walishona matanga kwa mikono yao na hakuna aliyewacheka. Asiyetaka kusuka nitampa mche wa asumini akaupande kwao. Siku ya kwanza tutachana tu, mpaka magharibi, na msitarajie kusuka. Kila mmoja aje na kisu kidogo chenye makali.