Majina Arobaini

Mwaka 1994 niliketi katika kamati ya watu watatu tuliopewa kazi ya kuchagua majina 40. Shirika letu la umma, ambalo jina lake nitalihifadhi, lilikuwa likipata hasara miaka nenda miaka rudi, na agizo lilikuwa fupi: wafanyakazi wapunguzwe kabla shirika halijatafutiwa mnunuzi. Mimi nilikuwa mhasibu, kwa hiyo kalamu nikapewa mimi.

Msomaji asidhani kwamba naulilia wakati uliopita. Foleni za sukari nilizipanga. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mke wangu alificha miche minne ya sabuni chini ya unga, sabuni tuliyoinunua kwa fedha yetu halali! Serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na bidhaa zikaonekana tena madukani, nilifurahi kama wengine. Rais Mwinyi tukamwita Mzee Ruksa, na wengi tulilitamka jina hilo kwa shukrani. Mashirika ya umma yaliyozaliwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalikuwa yamekaribia 400, na mengi yakiishi kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara ambayo hayakuirudisha. Mzigo huo uliielemea benki yenyewe, hata ikagawanywa mwaka 1997. Mageuzi yalikuwa hayaepukiki. Hilo nililiamini wakati ule na ninaliamini leo.

Lakini kusema jambo haliepukiki si kusema ni nani alibebe.

Kigezo chetu kilikuwa elimu. Asiye na cheti cha sekondari atangulie. Kigezo kilionekana safi, hakina ndugu wala kabila, nasi tulikipenda kwa sababu kilituondolea lawama. Kwa kigezo hicho akaondoka mtunza ghala aliyeishia darasa la saba, ambaye kwa miaka 17 daftari lake halikupishana na mali hata kwa kopo moja la rangi. Na kwa kigezo hicho hicho akabaki mkubwa mmoja aliyeagiza mashine ambayo haikupata kutolewa ndani ya masanduku yake; ikaota kutu humo humo, na deni lake likawa sehemu kubwa ya ile hasara tuliyokuwa tukiitafutia dawa. Mkubwa huyo baadaye alijinunulia Landrover ya shirika kwa bei ya gari lililochakaa. Bei hiyo niliikokotoa mimi, na kwa kanuni za uhasibu ilikuwa sahihi.

Wapo watakaosema kuwa mguu wenye donda ndugu hukatwa ili mwili upone. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe kwenye kikao, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Siku hizi nayaona mabaya. Mguu uliokatwa haurudi nyumbani kwa mke na watoto. Na yule aliyepungukiwa mshahara mwaka ule ndiye huyo huyo aliyekuwa ameanza kudaiwa fedha hospitalini, kwa kuwa uchangiaji wa gharama ulikwisha anza mwaka 1993. Alilipia makosa ambayo hakuyafanya, kisha akaambiwa achangie.

Je, mimi nilikosa? Nimejitetea sana kwa kusema kwamba ningekataa, kalamu ingechukuliwa na mwingine, na majina yangekuwa yale yale. Ni kweli tupu. Ila lilikuwapo swali moja ambalo lisingeligharimu shirika hata senti: kwa nini miongoni mwa hawa 40 hamna hata mmoja wa ghorofa ya juu? Swali hilo lilinifika mpaka kwenye ulimi. Nilikuwa na mwanangu kidato cha pili, nikalimeza. Basi ninapoulizwa habari za mageuzi yale, huweza kuyatetea kwa takwimu mchana kutwa, na bado sijui nimjibu nini mtu atakayeniuliza habari za kikao kile.

Mtunza ghala alikuja kuchukua kiinua mgongo chake miezi kadhaa baadaye, amevaa koti. Aliniomba nimweleze nilivyokokotoa. Nikamweleza kwa haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi. Akaifuata hesabu kwa kidole mstari kwa mstari, akafika pahali akasimama.

"Bwana mhasibu, hapa umeniacha miezi minane. Nilianza kama kibarua kabla ya barua ya ajira, na shirika lilikwisha nikubalia miezi ile ihesabiwe."

Nikafungua jalada lake. Barua ilikuwamo. Nikaipiga hesabu upya mbele yake, naye akangoja, mikono amepakata, mpaka nilipomaliza, akaipitia tena kwa kidole, akatia sahihi.