Je, Dini Zote Zamfikia Mungu Yule Yule?

Jirani Mwislamu akituambia kwamba Mungu wetu ni mmoja, wasomaji wapenzi, tumjibu ndiyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitamka mwaka 1964 ya kuwa Waislamu wamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja, mwenye huruma. Walakini haifuati kwamba dini zote ni sawa. Sisi twamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu, yeye akana. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, na kulinyamazia jambo hili (kama tufanyavyo arusini, kwa kuogopa kuharibu pilau) si upendo.

Je, jirani atapotea? Mtaguso huo ulifundisha kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kuokoka. Sisi tuijuayo tusiifuate, ulituonya kwamba tutahukumiwa kwa ukali zaidi.