Mkanda wa Miezi Kumi na Minane

Sisi vijana wa mjini tuna imani moja ambayo hatuiulizi: kwamba kiongozi anayefoka ni mkweli na anayebembeleza ni mwongo. Kwenye daladala, kijiweni, hata tunapokutana kusomeana mashairi, utamsikia mtu akimsifia mheshimiwa fulani, "Yule bwana hamung'unyi maneno." Basi, mjadala umekwisha. Kutomung'unya maneno kumekuwa cheti. Mimi cheti hicho nina shaka nacho, na shaka yangu inaanzia mbali kidogo, mwaka 1979.

Mwaka huo tulishinda Vita vya Kagera. Kampala iliangushwa Aprili, Idi Amin akakimbia, nayo hazina yetu ikabaki nyeupe. Mwalimu Nyerere hakuwaacha watu washangilie tu. Aliwataka wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Rais aliyetoka kushinda vita angeweza kuahidi asali. Yeye akaahidi dhiki. Nampa heshima yake.

Lakini hebu itazame vizuri ahadi ile, ndugu msomaji. Uchungu uko kwenye mkanda. Kwenye hiyo miezi kumi na minane je? Pale pana bembelezo. Mtu akikwambia utateseka mpaka tarehe fulani, amekwambia pia kwamba tarehe hiyo ikipita utapumua. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, mashirika ya umma yalikuwa yakila hasara. Foleni za sukari, sabuni na unga zikazidi kurefuka. Kufika 1983 serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi, na wenye bidhaa wengine wakawa wanazitupa usiku wasikutwe nazo. Fikiria: sabuni haipatikani, halafu kuna mtu anaitupa! Sisemi Mwalimu alidanganya. Nadhani aliamini kabisa. Nasema tu kwamba maneno makali yalibeba ndani yake dawa ya usingizi, na kwa kuwa yalikuwa makali, nani angeyashuku?

Halafu Novemba 1985 akaja Mzee Mwinyi. Mpole, sauti ya kiustaadhi, Mzee Ruksa. Wakali wetu walimwona mtu wa kuridhisha watu, na kweli maduka yalijaa, mitumba ikamiminika, tukapendeza. Ila ni mpole huyohuyo ambaye mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo mtangulizi wake alilikataa kwa maneno mazito. Shilingi ikashushwa thamani, mshahara wa mwezi ukawa hauvuki wiki. Kwamba peke yetu tumeshindwa, huo ndio ukweli uliokuwa mchungu kuliko wote, nao ulitufikia umefungwa kwenye tabasamu. Tena kuna la nyuma yake. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwinyi alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola katika msako wa Mwanza na Shinyanga. Hakuwapiga yeye. Alitoka ofisini, basi.

Kwa hiyo sauti siipimi tena. Nauliza msemaji amelipa nini.

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400. Adhabu ile mimi naibishia mpaka leo, ila siku zilezile alikata na mshahara wake mwenyewe, asilimia 20. Hakusemea kivulini. Na Oktoba 1987 Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kwamba mwanawe, aliyefariki Desemba 1986, alikufa kwa Ukimwi. Enzi zile kwenye misiba yetu watu walisema malaria, kifua, au karogwa. Rais mzima akautaja ugonjwa kwa jina, na jina la mtoto wake pembeni. Kenya ilingoja hadi Novemba 1999 ndipo Rais Moi akautangaza kuwa janga la taifa. Katikati hapo wamezikwa wangapi kwa jina la malaria?

Najua kipimo changu kinavuja. Mtu anaweza kulipa sana na bado akapotea njia. Mshahara uliokatwa hauthibitishi kwamba sera ni nzuri. Walau kinawachuja wale wanaogawa uchungu wa wenzao, wanaosema "wananchi, kazeni mikanda" huku matumbo yao hayauruhusu mkanda kufika hata tundu la pili.

Na sisi waandikaji je? Tunasoma mashairi ya kuwachana mafisadi, watu kumi na wawili chumbani, makofi yanatikisa bati. Kila mmoja mkali. Mafisadi hawapo pale, na hakuna aliyewahi kutoka amekosana hata na shemeji yake. Jumamosi tunakutana tena. Nataka kuuliza ni nani ana shairi ambalo yule anayemlipia kodi ya chumba asingependa kulisikia, na kama yuko tayari kulisoma kwa sauti, mwenye nyumba akiwa kibarazani.