Pete ya Posa kwa Mwanamume

Tumeulizwa: kijana aliyeposa, yamjuzia kuvaa pete ya posa?

Pete ya fedha kwa mwanamume ni halali, bali katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i ni suna, Mtume (S.A.W.) alikuwa nayo, akipigia muhuri barua zake kwa wafalme. Ya dhahabu ni haramu. Alimwona mtu ameivaa, akaivua, akaitupa. Na mwenyewe, alipoambiwa aiokote ajinufaishe nayo, alikataa. Basi vipi baba wa Kiislamu amshurutishe mkwewe dhahabu kidoleni?

Lakini lililo zito zaidi, ndugu yangu, ni itikadi. Wako wadhanio kuwa pete ndiyo ifungayo mapenzi, na ikivuliwa ndoa huvunjika. Hayo ni batili, hata pete ikiwa ya fedha. Tena huvishana mkono kwa mkono mbele ya wageni, ilhali posa ni ahadi tu. Mpaka ipite ijabu na kabuli, binti yule ni ajinabia kwake sawa na binti wa jirani. Akitaka kumpa pete, na ampelekee kwa mkono wa mamake. Wala asione haya kwa uchache wake: Mtume alimwambia maskini mmoja atafute japo pete ya chuma iwe mahari, na hiyo nayo alipoikosa, akamwoza kwa Kurani aliyoihifadhi.