Filamu ya magendo mbele ya wanaoyakumbuka

Kijana mmoja wa Pemba anayesomea filamu Dar es Salaam ameandika hadithi ya kazi yake ya mwisho ya masomo. Ni mapema miaka ya 1970. Mashua inaondoka pwani ya Wete usiku, imesheheni magunia ya karafuu, inaelekea Shimoni, Kenya. Kunapokucha, mtu mmoja hajulikani alipo. Kabla ya kuwasilisha wazo lake kwa walimu, kijana alitaka alihadithie kwanza kwa watu wa kwao, akaniomba nifuatane naye. Nilikubali kwa furaha, maana filamu ya uhalifu wa zamani katika kisiwa kidogo ina jambo zito ndani yake: mhalifu wa filamu ni babu wa mtazamaji.

Wanaoikumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee wa karafuu, na alichopata mkulima kilikuwa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia. Chakula kilikuwa adimu. Ng'ambo ya mkondo, kiasi cha kilomita 50, alikuwepo mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi. Magendo yalihesabiwa kosa kubwa mno, na mpaka leo jina kamili la KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, linasema kwa nini kikosi hicho kiliundwa.

Hadithi za upelelezi si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifikisha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwenye tamasha la filamu la Toronto, kwa filamu yake ya Vuta N'kuvute iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Kwa hiyo kijana wetu ana waliomtangulia. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwambia wapi amekosea.

Na hilo halipatikani kirahisi Pemba. Alipomaliza kuhadithia, barazani pale baada ya sala ya Isha, jibu lilikuwa moja: nzuri, mwanangu, Mungu akujaalie. Mpemba hamvunji moyo mtoto wa mwenzake mbele za watu. Kijana akafikiri kidogo, kisha akauliza vingine: "Wazee wangu, ni wapi ambapo msingeniamini?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia alitaka kujua kwa nini mashua inaondoka kwenye mbalamwezi. Kijana akasema picha itapendeza. "Itapendeza, lakini mwenye mzigo ule aliusubiri mwezi ufe," mzee akamjibu. Mwengine akauliza huo ni upepo gani, maana hadithi ilikuwa ya Januari, na kaskazi ingeipiga mashua ubavuni njia nzima. Kwa nini wasingoje kusi iwasukume? Wakabishana hao kwa hao muda mrefu juu ya tanga na mkondo, na kijana akawa anaandika tu.

Kisha bibi mmoja, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, akauliza: "Na mke wa mwenye mzigo? Usiku wote huo mkewe yuko wapi?" Katika hadithi nzima hakuwemo. Karafuu zile nani alizichambua na makonyo yake, nani alizianika, nani aliwaambia majirani asubuhi kwamba mume amekwenda shamba? Naamini swali hilo peke yake limempa kijana filamu bora kuliko aliyokuja nayo, na nimemwambia hivyo.

Neno la mwisho lilikuwa gumu. Katika hadithi yumo jirani aliyepeleka habari kwa wakubwa. Mzee mmoja, kwa upole, akaomba mtu huyo aondolewe. Watu wa namna hiyo walikuwepo, alisema, na wajukuu zao wanaswali nasi msikiti mmoja.

Nimelifikiria ombi hilo siku nyingi. Kwenye mwezi, upepo na mke, mtazamaji ndiye mwalimu, na kijana hana budi kufuata. Hapa sikubaliani na mzee, ingawa namheshimu na huruma yake naielewa. Ukimtoa jirani yule, yanabaki magendo ya mashua na askari, watu wa huku na watu wa kule; hofu ya miaka ile, ya kutojua nani anakusikiliza ukutani, haitaonekana kabisa. Nimemshauri kijana asitaje kijiji, abadilishe kazi ya mtu huyo na idadi ya watoto wake, asimwachie alama yoyote ya mtu aliyewahi kuishi. Pia ampe sababu: naye alikuwa na watoto wenye njaa. Lakini abaki. Na mswada mpya ukiwa tayari, ausome kwanza kwa mzee yule, faragha, kabla walimu hawajauona.