Majina Thelathini

Swali la mwisho halikuwa swali. Kaka aliyekuwa akitusaili alitoa karatasi yenye mistari, akaisogeza mbele yangu pamoja na kalamu, akasema: "Andika majina 30 ya watu wanaokufahamu, na namba zao za simu. Hao ndio wateja wako wa kwanza."

Ilikuwa Julai 2021, kwenye chumba cha nyuma ya duka moja jirani na soko kuu la Mpanda. Tulikuwa watu 11, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Tangazo tulilikuta limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: maafisa masoko wanahitajika, uzoefu si lazima. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuza taa za sola za kulipia kidogokidogo. Mteja anatoa kianzio, anafungiwa paneli juu ya bati, halafu analipa kila mwezi kwa simu. Mwezi asiolipa, taa inajifunga, haiwaki tena mpaka pesa iingie. Mshahara haukuwepo, tungelipwa kamisheni kwa kila taa iliyofungwa.

Kabla ya karatasi ile niliulizwa mambo mawili. La kwanza, nimuuzie kalamu. Nikaisifia: haivuji, inadumu, inaandika hata kwenye karatasi iliyoguswa na mafuta. "Umeijaribu?" akaniuliza. Sikuwa nimeijaribu. Akatabasamu, akaniwekea vema. La pili, mteja akisema hapana nifanyeje. Nikajibu kwamba nitamshukuru na kuondoka. Akatikisa kichwa. "Dada, hapana ya kwanza ni salamu tu."

Nikaanza kuandika. Shangazi yangu wa Makanyagio. Ustadhi aliyenisomesha Juzuu Amma. Mwalimu wangu wa hesabu. Dada wa duka la dawa anayetukopesha mama anapougua. Jina la 12 lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, aliyeko Karema. Hana simu, nikaandika ya jirani yake. Hapo mkono ukawa mzito, wala sikujua kwa nini. Imenichukua muda mrefu kulijua swali lililokuwa limenishika mkono: imani ambayo watu wamenipa, ni mali yangu? Ninaweza kuichukua nikaipeleka sokoni?

Kiswahili chenyewe kina jibu. Amini, imani, amana, uaminifu, muumini, hata ile amina tunayofungia dua, yote ni maneno ya ukoo mmoja tuliyoyapokea kupitia Kiarabu. Amana ni kitu cha mwenzangu kilichoko mikononi mwangu. Jirani akisafiri akaniachia ufunguo, nitaingia kwake, nitamwagilia mboga zake, nitalisha kuku wake. Lakini sitapangisha chumba chake nikala kodi. Anayeniamini ameniachia ufunguo. Shangazi anapopokea simu yangu bila kujiuliza namtakia nini, hajanipa kitu cha kuuza. Ameniachia cha kutunza.

Siku ile sikuyawaza hayo. Nilijaza majina yote 30.

Waliovuka hatua ya karatasi tulitolewa mchana uleule kwa majaribio, kila mmoja na muuzaji mzoefu. Mimi nilipangiwa Nsemulwa. Nyumba tatu za mwanzo hazikununua. Ya nne ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mahindi yameanikwa uani juu ya turubai. Mama wa makamo akaniitikia hodi. Nikamwamkia, akanijibu marahaba, akanipa kigoda, akamtuma mtoto aniletee maji ya kunywa. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu mzima wa kwetu humuuliza kijana: "Wewe ni binti wa nani?" Nikamtaja baba, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Akachangamka. Baba aliwahi kumhangaikia mzigo wake uliokwama Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoungana na reli ya Kigoma. "Kumbe wewe ni mtoto wetu," akasema.

Alisikiliza habari za taa mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, sisi pesa yetu ni ya mavuno. Nikikwama mwezi wa pili, itakuwaje?"

Katavi mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Julai magunia yako ndani na kianzio kinapatikana. Februari magunia yamekwisha au yamekaribia, mahindi bado mabichi shambani, na mkulima wa tumbaku hajapeleka hata bando moja sokoni, huku deni la mbolea likimsubiri kwenye chama cha msingi. Kila aliyekulia huku anaijua Februari. Nilijua kwamba mama yule atakwama. Nilijua kwamba taa itajifunga. Mzoefu wangu akanitazama. Nikasema: "Usiwe na wasiwasi, mama. Kampuni inaelewa."

Akaingia ndani, akatoka na kianzio. Jioni niliambiwa nimefaulu.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria Bibi Khadija. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, akitafuta mtu wa kumpelekea bidhaa Shamu. Akamchagua kijana ambaye utume ulikuwa haujamjia bado, ila watu walishamzoea kwa jina la al-Amini. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alimfuatanisha na mtumishi wake Maisara, na Maisara aliporudi akasimulia aliyoyaona safarini. Ule nao ulikuwa usaili: bidhaa, safari, na mtu wa kutazama. Tofauti iko katika kilichopimwa. Khadija alitaka kujua kama amana itakaa salama mikononi mwa kijana yule. Mimi nilitazamwa kama nitaweza kuitoa kwa bei.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuuza ni dhambi, wala kushawishi. Aliye na taa nzuri ana haki ya kuisifia, na mtoto anayesomea kibatari ana haki ya kuambiwa kwamba ipo njia nyingine. Dini yangu yenyewe ilifika Ujiji, kwao baba, na watu wa misafara ya biashara. Lakini misafara hiyohiyo ilibeba pembe za ndovu na ikabeba wanadamu, na humo tunaona mfanyabiashara anafika wapi akishasahau kwamba aliye mbele yake ni mtu. Bibi yangu ni Mkatoliki wa Karema, mahali ambapo Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Akiwa mtoto alimwona Adrien Atiman, tabibu na katekista wa pale aliyefariki mwaka 1956. Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto mdogo, mbali huko kwenye nchi ambayo leo ni Mali. Alishawahi kuuzwa kama bidhaa. Akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akaja kutibu watu kando ya Ziwa Tanganyika. Bibi anasema nyumba ikiwa na mgonjwa, mlango ulifunguliwa kabla hajaita hodi. Nafikiri ndiyo heshima kubwa ambayo mtu anaweza kupewa na majirani, na hainunuliwi.

Mlango si jambo dogo katika dini. Sura An-Nur inatufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi, kwa maana ndiyo usafi wetu. Sunna ikatuwekea hodi tatu. Bibi naye alinisimulia namna Yesu alivyowatuma wanafunzi wake wawili wawili: wakiingia nyumba waitakie amani, na wasipopokelewa amani ile iwarudie wenyewe, waende zao. Nilipoyaweka mafunzo hayo pamoja nikaona kwamba hapana ya mwenye nyumba ni neno kamili. Anayeihesabu kuwa salamu amekwisha kuingia bila ruhusa, hata kama miguu yake bado iko nje.

Kwetu Mpanda jambo hili lina uzito wake. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ulipokatwa kutoka Rukwa, lakini watu wake wametoka mbali kwa miaka mingi. Wapo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wenye nchi. Wapo Wafipa, Waha, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, na familia zilizoletwa na reli iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya machimbo ya risasi. Wapo wa Katumba na Mishamo, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Hatukuzaliwa tukijuana. Tumejuana kwa hodi, kwa kigoda na kikombe cha maji. Mlango ninaougonga mimi ndio atakaougonga mhudumu wa afya, ndio aliougonga karani wa sensa Agosti 2022, ndio anaougonga anayekusanya rambirambi. Nikisema uongo mlangoni pale, nimekula chakula cha wote hao.

Nimejitetea sana kwa dharura. Baba alikuwa anangoja mafao, mama anaumwa, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani na stashahada mwaka mzima. Dini inaijua dharura. Mwenye kufa njaa ameruhusiwa hata nyamafu. Ila wanachuoni wa fiqhi wameweka kanuni nyingine pembeni yake, kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine. Aliyekula chakula cha mtu kwa njaa amesalimika na dhambi, lakini chakula atakilipa. Nikajitetea pia kwamba nilikuwa naagizwa. Tulipouliza maelezo ya kazi kwa maandishi, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa wake, tulijibiwa kwamba sisi si waajiriwa, ni mawakala. Na iwe hivyo. Wakala huazima jina la anayemtuma. Ulimi unabaki wake. Wala simlaumu kupita kiasi yule kaka wa usaili. Naye alikuwa na malengo ya mwezi yaliyotoka juu, na huenda naye kuna siku aliwekewa karatasi yenye mistari.

Februari 2022 nilikwenda Nsemulwa kwa mguu wangu. Sikutumwa. Nilipiga hodi, mama akanikaribisha, kigoda kilekile, maji yaleyale. Taa ilikuwa imejifunga tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Nikamwambia: "Mama, siku ile nilijua kwamba itajifunga. Nilikudanganya." Alikaa kimya akichambua maharage. Kisha akasema, bila hasira: "Juzi alikuja binti mwingine na daftari, anasema katoka zahanati, anaandika watoto walio chini ya miaka mitano. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo. Kumbe labda yule alikuwa mkweli."

Nililipia taa ile mwezi mmoja, ikawaka. Hilo lilikuwa jepesi. Ni namba tu za kubonyeza kwenye simu. Lakini yule binti wa zahanati aliyegeuzwa mlangoni, na wajukuu wa mama yule ambao hawakuandikwa, nitawalipia kwa namba gani? Nikaenda zahanati ya karibu, nikaeleza kuna nyumba haikuandikwa, nikaelekeza ilipo. Sijui kama inatosha. Toba ya haki ya Mungu huisha kati yako na Yeye. Toba ya haki ya mtu ina sharti zaidi: urudi kwa mwenyewe.

Niliacha kazi mwezi uliofuata. Niliomba ile karatasi yangu nikaambiwa ni mali ya ofisi. Basi nimeyaandika upya majina yale kwa kumbukumbu, yote 30, na karatasi nimeiweka ndani ya juzuu yangu. Katika hao, 9 walichukua taa kwa sababu niliyewapigia simu ni mimi. Sasa nauza mchele wa Mwamkulu kwa kutembeza, na mchele ukiwa na chenga nasema una chenga kabla mtu hajaingiza mkono kwenye gunia. Jumapili, ambapo wengi wako nyumbani, nafuata orodha. Naanza na salamu, halafu nasema nilichokuja kusema. Wawili walinicheka, wakasema mbona walishasahau. Mmoja alinifungia mlango, nikarudi, kama nilivyofundishwa.

Milango 8 nimeshaigonga. Umebaki wa jina la 12. Bibi alitoa kianzio kwa pesa ya dagaa, akawaambia majirani kwamba taa hii imeletwa na mjukuu wake, haiwezi kuwa na neno baya ndani yake. Gari la Karema linaondoka kesho alfajiri. Nimemchukulia kilo 5 za mchele, na bado sijajua nitaanzaje baada ya hodi.